Uzalendo na Ushabiki wa Chama: Mhafidhina wa Marekani Baina ya Nchi na Kundi Lake

Utangulizi

Mwezi wa Juni mwaka 2025, shirika la kura za maoni la Gallup liliwauliza Wamarekani swali ambalo limekuwa likiulizwa tangu mwaka 2001: je, wanaona fahari kiasi gani kuwa Wamarekani? Miongoni mwa wafuasi wa chama cha Republican, watu 92 katika kila 100 walijibu kwamba wanaona fahari kubwa au kubwa mno. Miongoni mwa wafuasi wa chama cha Democratic, waliojibu hivyo walikuwa 36 tu. Nchi ni moja, bendera ni moja, wimbo wa taifa ni mmoja; lakini anayesikiliza majibu hayo angedhani waliohojiwa ni raia wa mataifa mawili.

Mhafidhina wa Marekani akiulizwa kuhusu pengo hilo hujibu kuwa ni ushahidi tosha kwamba upande wa pili umeacha kuipenda nchi. Mpinzani wake naye hudai kuwa fahari inayotegemea ni nani anayekalia kiti cha urais haiwezi kuitwa uzalendo. Hiyo ni furaha ya shabiki ambaye timu yake imeshinda. Majibu haya mawili yanazua swali moja la msingi: ni nani mwenye haki ya kuitwa mzalendo, na ni nani mwenye mamlaka ya kumnyima mwenzake jina hilo?

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wahafidhina wa Marekani wanavyoifahamu dhana ya uzalendo, misingi ya fikra yao, na namna siasa za vyama zinavyoitia fikra hiyo majaribuni. Hoja inayojengwa ni kwamba, kwa mujibu wa misingi ya uhafidhina wenyewe, uzalendo ni uaminifu kwa urithi ambao hakuna chama kinachoweza kuumiliki. Kwa sababu hiyo, kipimo kikali zaidi cha mzalendo wa kihafidhina hakipatikani anapowakabili wapinzani wake. Hupatikana pale chama chake mwenyewe kinapomtaka achague baina yake na nchi.

Istilahi tatu

Ni vyema kwanza kuyapambanua maneno matatu yatakayorejelewa mara kwa mara. Neno la kwanza ni uhafidhina. Neno hili lina asili ya Kiarabu na ni ndugu wa hifadhi na hafidhi. Hafidhi ni yule aliyeihifadhi Kurani moyoni; habuni aya wala hafuti aya, bali hupokea, hutunza na kukabidhi. Hiyo ndiyo silika ya uhafidhina wa kisiasa pia. Mhafidhina huamini kuwa mila, sheria na asasi zilizodumu kwa vizazi zina hekima iliyokusanywa polepole, na kwamba anayezibomoa kwa pupa huenda asiweze kuzijenga upya. Waswahili waliposema kuwa mwacha asili ni mtumwa, walikuwa wameikaribia sana imani hii.

Msomi wa fasihi ya Kiswahili hana haja ya kusafiri hadi Washington ili kuielewa silika hiyo. Mgogoro wa ushairi ulioshamiri katika miaka ya 1970 ulikuwa na sura iyo hiyo. Wanamapokeo, waliozitetea kanuni ambazo K. Amri Abedi alikuwa amezieleza katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954), hawakupinga utunzi mpya. Walichoshikilia ni kuwa vina na mizani ni dhamana kutoka kwa waliotangulia, na kwamba kizazi kimoja hakina haki ya kuitupa. Wanamabadiliko, ambao miongoni mwao alikuwemo Euphrase Kezilahabi aliyechapisha Kichomi mwaka 1974, waliona kuwa urithi usioruhusu mabadiliko hugeuka pingu. Anayezikumbuka hoja za pande hizo mbili tayari ameshika ufunguo wa siasa za Marekani.

Neno la pili ni uzalendo. Katika Kiswahili, neno hili linaelekeza kwenye kuzaa na kuzaliwa: mzalendo ni mwenyeji wa nchi kabla ya kuwa mpenzi wa nchi. Kama itakavyobainika, maana hizi mbili, ya kuzaliwa na ya kupenda, ndizo zinazowagawanya wahafidhina wa Marekani wenyewe kwa wenyewe.

Neno la tatu ni ushabiki. Mwanachama hujiunga na chama kwa sababu ya jambo analolitaka. Shabiki hulitaka jambo kwa sababu chama chake kimelitaka. Shabiki wa kandanda hushangilia timu yake hata inapocheza rafu, na refa akipuliza kipenga dhidi yake, refa ndiye mwenye makosa. Katika uwanja wa mpira hasara yake ni ndogo. Katika uendeshaji wa nchi, refa huyo ni mahakama, tume ya uchaguzi na katiba.

Misingi ya fikra

Wahafidhina wengi wa Marekani humchukulia Edmund Burke kuwa mzee wa ukoo wao, ijapokuwa alikuwa mbunge wa Uingereza mzaliwa wa Ireland. Katika kitabu chake kuhusu mapinduzi ya Ufaransa, kilichotoka mwaka 1790, Burke aliiona jamii kuwa ni ubia baina ya walio hai, waliokufa na ambao hawajazaliwa. Aidha, alieleza kuwa mapenzi ya mtu kwa nchi huanzia kwenye vikundi vidogo vinavyomzunguka: jamaa, kijiji, kanisa, chama cha ufundi. Kwa mtazamo huu, hakuna anayeipenda nchi moja kwa moja kama wazo la mbali; huipenda kwa kupanda ngazi, akianzia mlangoni kwake.

Ikumbukwe kwamba Burke huyo huyo hakuvidharau vyama. Katika maandishi yake ya mwaka 1770 alikitetea chama cha siasa kama muungano wa watu wanaoshirikiana kwa ajili ya maslahi ya taifa zima, kwa kufuata kanuni waliyokubaliana wote. Katika fasili hiyo, maslahi ya taifa ndiyo lengo na chama ni chombo. Chombo kinapojifanya lengo, kimeacha kuwa chama na kugeuka genge.

Waasisi wa Marekani walikuwa na hofu kubwa zaidi. Mwezi wa Novemba mwaka 1787, James Madison aliandika insha ya 10 katika mfululizo wa The Federalist, akaeleza kuwa makundi ya kisiasa hayawezi kung'olewa kwa sababu mizizi yake imo katika maumbile ya binadamu. Kuyaondoa kungehitaji kuuondoa uhuru wenyewe. Dawa aliyoipendekeza ni kuyadhibiti madhara yake kwa kuwa na jamhuri kubwa yenye makundi mengi, ili pasiwe na moja linaloweza kuyameza mengine. Fikra hii huwavutia sana wahafidhina, kwani inakubali kuwa binadamu ni kiumbe mwenye kasoro, na kwamba sheria nzuri ni ile inayozikadiria kasoro hizo badala ya kudhani kuwa zitatoweka.

George Washington naye, alipokuwa akijiandaa kuondoka madarakani, alichapisha hotuba yake ya buriani katika gazeti la Philadelphia tarehe 19 Septemba mwaka 1796. Aliwaonya raia dhidi ya roho ya uchama ambayo huwasha chuki, hufungulia mlango hila za mataifa ya kigeni, na hatimaye huwafanya watu waliochoka na vurugu watafute utulivu chini ya mtu mmoja mwenye mamlaka yote. Katika hotuba hiyo hiyo alitahadharisha pia kuhusu wanaojivika uzalendo wa kujifanya. Yaani, tangu mwanzo kabisa, ilijulikana kuwa vazi la uzalendo linaweza kuvaliwa na asiyestahili.

Urithi upi: wazo au makao?

Ikiwa uzalendo ni uaminifu kwa urithi, swali linalofuata ni: urithi wenyewe ni upi? Hapa wahafidhina wa Marekani hugawanyika, na mgawanyiko huo ni wa kina kuliko tofauti za sera.

Kundi la kwanza huona kuwa urithi ni wazo: Azimio la Uhuru la mwaka 1776, Katiba iliyoandikwa mwaka 1787, na imani kuwa haki za binadamu hazitoki serikalini. Msemaji mashuhuri wa kundi hili alikuwa Ronald Reagan. Katika mojawapo ya hotuba zake za mwisho akiwa rais, Januari 1989, alieleza kuwa mtu anaweza kwenda kuishi Ufaransa au Japani asiwe Mfaransa wala Mjapani, lakini mtu kutoka pembe yoyote ya dunia anaweza kuja Marekani akawa Mmarekani. Siku chache kabla ya hapo, katika hotuba ya buriani ya tarehe 11 Januari, alikuwa amehimiza uzalendo wenye maarifa, akionya kuwa taifa linalosahau historia yake husahau lenyewe ni nani. Alipendekeza kuwa somo hilo lianzie mezani nyumbani, wakati wa chakula cha jioni.

Kundi la pili huona kuwa wazo pekee halitoshi. Julai 2024, J. D. Vance alipokuwa akikubali uteuzi wa kuwania wadhifa wa makamu wa rais katika mkutano mkuu wa chama cha Republican mjini Milwaukee, alisema kuwa Marekani si wazo tu. Ni makao ya watu wenye historia moja. Alitolea mfano makaburi ya jamaa zake mashariki mwa Kentucky, akaeleza kuwa watu hupigania makao yao kuliko wanavyopigania dhana. Ni rahisi kuusikia mwangwi wa Burke hapo, kwani wafu wameketi barazani pamoja na walio hai.

Hotuba hizi mbili zilitolewa na watu wa chama kimoja, zote kwa jina la uzalendo, zikiachana kwa miaka 35. Kwa msomaji wa Kiswahili, tofauti yake inaonekana ndani ya neno lenyewe. Uzalendo wa Vance unaegemea upande wa kuzaliwa. Uzalendo wa Reagan unaegemea upande wa kupenda na kuapa. Kila mmoja una nguvu yake na hatari yake. Wazo lisilo na makao huweza kuwa maneno matupu yasiyomgusa mtu. Makao yasiyo na wazo nayo huweza kumfungia nje raia aliyekula kiapo kwa moyo safi, kwa sababu tu babu yake alizikwa kwingine.

Bendera na sheria

Mvutano baina ya uzalendo na uchama haujapata uwanja mzuri wa kujidhihirisha kama suala la bendera. Wahafidhina wa Marekani huienzi sana bendera ya nchi yao na hukitetea kiapo cha utii ambacho wanafunzi hukikariri shuleni. Yamkini wengi wao hawakumbuki kuwa kiapo hicho kiliandikwa mwaka 1892 na Francis Bellamy, mchungaji wa Kibaptisti aliyekuwa msoshalisti. Maneno yanayolitaja jina la Mungu yaliongezwa baadaye, mwaka 1954, wakati wa utawala wa Dwight Eisenhower. Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi iliyowahusu Mashahidi wa Yehova wa West Virginia kuwa hakuna mwanafunzi anayeweza kulazimishwa kuisalimu bendera.

Katika kampeni za mwaka 1988, kiapo hicho kiligeuzwa silaha. George H. W. Bush wa Republican alimshambulia mpinzani wake, Michael Dukakis, kwa kuwa mwaka 1977 akiwa gavana wa Massachusetts alikuwa ameukataa mswada wa kuwalazimisha walimu wawaongoze wanafunzi kukikariri. Bush alishinda. Kilichokuwa alama ya wote kilikuwa kimeanza kuonekana kama sare ya upande mmoja.

Mwaka mmoja baadaye jambo la kushangaza lilitokea. Mwaka 1984, nje ya mkutano mkuu wa chama cha Republican mjini Dallas, mwandamanaji aitwaye Gregory Lee Johnson alikuwa ameiteketeza bendera ya Marekani. Mahakama ya Texas ilimhukumu kifungo cha mwaka mmoja na faini ya dola 2,000. Rufaa ilipofika katika Mahakama ya Juu, uamuzi uliotolewa tarehe 21 Juni mwaka 1989 ulikuwa wa majaji 5 dhidi ya 4: kuichoma bendera kama njia ya kutoa maoni kunalindwa na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba. Miongoni mwa majaji watano waliomtetea mchomaji alikuwemo Antonin Scalia, jaji aliyeteuliwa na Reagan na aliyekuja kuwa kielelezo cha uhafidhina katika sheria.

Scalia hakumpenda mchomaji bendera. Baadaye alirudia hadharani kwamba lau angekuwa mfalme, angewatia gerezani watu wa aina hiyo. Lakini hakuwa mfalme. Alikuwa jaji aliyeapa kuilinda Katiba, na Katiba haikumpa ruhusa hiyo. Katika uamuzi wake, alama ya urithi ilipogongana na urithi wenyewe, alichagua urithi. Wahafidhina wengine, akiwemo jaji mkuu William Rehnquist, walipinga kwa dhati, wakiona kuwa bendera ambayo watu wameifia si karatasi ya kutolea maoni.

Mjadala haukuishia hapo. Kongresi ilipitisha sheria ya kuilinda bendera mwaka uo huo, na Mahakama ya Juu ikaibatilisha mwaka 1990. Juni 2006, pendekezo la kuirekebisha Katiba ili kuipa Kongresi uwezo wa kuharamisha kitendo hicho lilipata kura 66 katika Seneti, moja tu pungufu ya zilizohitajika. Miongoni mwa waliolipinga alikuwemo seneta mhafidhina wa Kentucky, Mitch McConnell. Lau angeufuata upepo wa chama chake siku hiyo, pendekezo lingevuka kizingiti cha Seneti. Agosti 2025, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuwataka waendesha mashtaka wawaandame wachomaji bendera pale ambapo sheria nyingine zimevunjwa, jambo linalodhihirisha kuwa kidonda hicho bado kibichi.

Chama kinapogongana na nchi

Historia ya chama cha Republican ina visa kadhaa vya watu waliolazimika kuchagua. Cha kwanza ni cha ushirikiano. Mwaka 1947, Rais Harry Truman wa Democratic alihitaji kuungwa mkono na Seneti iliyodhibitiwa na wapinzani wake ili azisaidie Ugiriki na Uturuki. Arthur Vandenberg, seneta wa Republican kutoka Michigan na mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje, angeweza kumkwamisha. Badala yake alimsaidia, akishikilia kuwa mabishano ya vyama yapaswa kukomea ufukweni. Alifahamu kile ambacho Waswahili walikisema kwa namna yao: vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Kisa cha pili ni cha upinzani wa ndani. Februari 1950, seneta Joseph McCarthy wa Republican alianza kudai kuwa serikali imejaa Wakomunisti. Shutuma zake zilikinufaisha chama, na wengi walinyamaza. Tarehe 1 Juni mwaka huo, Margaret Chase Smith, seneta wa Maine mwenye msimamo wa wastani, alisimama katika Seneti akasoma tamko lililoungwa mkono na wenzake sita wa chama hicho. Alitaka chama chake kishinde, lakini hakutaka kishinde kwa kuchochea hofu na kuwapaka watu matope. Alikumbusha pia kuwa haki ya kukosoa na ya kushika maoni yasiyopendwa ni sehemu ya Umarekani wenyewe. Ilichukua zaidi ya miaka minne kabla Seneti kumkemea McCarthy, Desemba 1954, kwa kura 67 dhidi ya 22. Maseneta wa Republican siku hiyo waligawanyika sawasawa: 22 kwa 22.

Kisa cha tatu kinamhusu Barry Goldwater wa Arizona, aliyewania urais mwaka 1964 na ambaye wahafidhina wengi humtambua kuwa baba wa harakati yao ya kisasa. Tarehe 7 Agosti mwaka 1974, kashfa ya Watergate ikiwa imefikia kilele, Goldwater pamoja na viongozi wa Republican katika mabaraza mawili, Hugh Scott na John Rhodes, walikwenda kwa Rais Richard Nixon. Walimweleza kuwa waliobaki upande wake katika Seneti ni wachache mno. Kesho yake Nixon alitangaza kujiuzulu. Hakusukumwa na wapinzani peke yao. Watu wa nyumbani mwake ndio waliomwambia kuwa mlango umefungwa.

Kisa cha nne kina uhusiano wa moja kwa moja na Kenya. Barack Obama, aliyezaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti mwaka 1961 na ambaye baba yake alitoka Kogelo, alipowania urais mwaka 2008 aliandamwa na uvumi kuwa si Mmarekani halisi. Oktoba mwaka huo, katika mkutano wa kampeni jimboni Minnesota, mfuasi mmoja alimwambia mgombea wa Republican, John McCain, kuwa hamwamini Obama kwa kuwa ni Mwarabu. McCain alimkatiza. Alimwambia kuwa Obama ni mtu mwadilifu mwenye familia, na raia ambaye yeye, McCain, anatofautiana naye katika masuala ya msingi. Baadhi ya wafuasi wake walimzomea siku hiyo. McCain aliyekuwa amekaa mateka Vietnam tangu mwaka 1967 hadi 1973, na kukataa kuachiliwa kabla ya wenzake, hakuhitaji kukopa uzalendo kwa kumvua mwenzake wa kwake.

Hata hivyo, uvumi haukufa. Madai kuwa Obama alizaliwa Kenya yalisambaa hata akalazimika kutoa cheti chake kamili cha kuzaliwa Aprili 2011. Donald Trump, aliyekuwa mstari wa mbele kuyaeneza, alikiri Septemba 2016 kuwa Obama alizaliwa Marekani. Hapa inaonekana wazi jinsi maana ya kuzaliwa iliyomo katika uzalendo inavyoweza kunyakuliwa na ushabiki: badala ya kujibu hoja za mpinzani, anaulizwa kitovu chake kilizikwa wapi.

Kisa cha tano ndicho kizito zaidi kwa kizazi hiki. Tarehe 6 Januari mwaka 2021, makamu wa rais Mike Pence, mhafidhina wa muda mrefu, alitakiwa na Rais Trump azikatae kura za wajumbe wa majimbo yaliyompa ushindi Joe Biden. Pence alijibu kwa barua kuwa Katiba haimpi mamlaka hayo. Umati ulivamia jengo la Kongresi. Baadhi yao walipaza sauti wakitaka anyongwe. Usiku huo kikao kiliendelea na matokeo yakathibitishwa kabla ya mapambazuko. Ikumbukwe kuwa waliovamia walibeba bendera ya taifa na wengi wao walijiita wazalendo.

Waliosimama na Katiba walilipa. Liz Cheney, aliyepiga kura ya kumshtaki Trump katika Baraza la Wawakilishi, alishindwa vibaya katika mchujo wa chama jimboni Wyoming Agosti 2022. Pence mwenyewe aliwania urais akajiondoa Oktoba 2023 kwa kukosa wafuasi. Trump alichaguliwa tena mwaka 2024, na siku aliyoapishwa, tarehe 20 Januari mwaka 2025, aliwasamehe watu wapatao 1,500 walioshtakiwa kwa tukio lile. Wahafidhina wanaomuunga mkono huona kuwa alikuwa akirekebisha dhuluma na kuirejeshea nchi heshima yake. Wenzao huona kuwa chama kimeyameza yale ambayo kiliundwa kuyahifadhi. Mjadala huo sasa si baina ya wahafidhina na wapinzani wao. Ni wa ndani ya nyumba moja.

Lawama na majibu

Uzalendo wa kihafidhina hukabiliwa na lawama kuu mbili. Ya kwanza ni kwamba urithi unaotunzwa umechaguliwa: Katiba hukumbukwa, utumwa husahauliwa. Mradi wa jarida la New York Times wa mwaka 2019, uliopewa jina la mwaka 1619 ambapo Waafrika waliofanywa watumwa walifikishwa Virginia, ulitaka historia ya nchi isimuliwe upya kuanzia hapo. Trump alijibu kwa kuunda Tume ya 1776 mwaka 2020; Biden aliivunja siku aliyoingia madarakani mwaka 2021; Trump akaifufua mwaka 2025. Hata mwaka wa kuzaliwa kwa taifa ukawa suala la chama.

Wahafidhina hujibu kuwa mtoto anayefundishwa aibu pekee hatakuwa na sababu ya kurekebisha chochote, kwa kuwa hakuna anayekarabati nyumba asiyoipenda. Hoja hii ina uzito. Lakini ina upande wa pili: anayeipenda nyumba hukagua paa lake pia. Anayekataa kutazama panapovuja hahifadhi, anangojea mvua.

Lawama ya pili ni kwamba wahafidhina huwahi kumwita asiyekubaliana nao msaliti. Lawama hii imewapata hata wao kwa wao. Mwaka 2003, vita vya Iraq vilipokuwa vikianza, jarida la National Review, lililoasisiwa na William F. Buckley mwaka 1955, lilichapisha makala ya David Frum iliyowashutumu wahafidhina waliopinga vita hivyo, akiwemo Patrick Buchanan, kuwa si wazalendo. Miaka ilipopita na silaha za maangamizi zisipatikane, ilidhihirika kuwa shaka ya wapinzani wa vita haikuwa chuki dhidi ya nchi. Huenda ilikuwa uangalifu ule ule ambao Burke angeutambua.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa uhafidhina wa Marekani, ukipimwa kwa misingi yake, unauweka uzalendo juu ya chama. Burke alikiona chama kuwa chombo, Madison akakiona kuwa ugonjwa usiotibika ila kwa kudhibitiwa, Washington akakiona kuwa moto wa kuchungwa usiku na mchana. Imebainika pia kuwa wahafidhina hawakubaliani kuhusu urithi unaopaswa kupendwa, kama ni wazo au ni makao, na kwamba ushabiki huweza kuzitumia maana zote mbili vibaya. Waliouheshimu urithi huo, tangu Smith hadi Pence, walifanya hivyo kwa kuwakabili watu wao wenyewe, na mara nyingi bila ya kushukuriwa.

Mwaka 2026 unatimiza miaka 250 tangu Azimio la Uhuru la Marekani. Kila Februari, Seneti ya nchi hiyo hufuata desturi ya kusomewa hotuba ya buriani ya Washington kutoka mwanzo hadi mwisho. Msomaji huwa seneta mmoja, na vyama viwili hupokezana zamu: mwaka huu wa huku, mwaka ujao wa kule. Kwa muda huo mfupi, onyo dhidi ya roho ya uchama hutoka katika kinywa cha Mrepublican au cha Mdemokrati bila kubadilika hata neno moja. Hapo ndipo ilipo maana ya hafidhi: kulipokea neno na kulikabidhi kama lilivyo, hata pale linapomhukumu anayelisoma.